Mikono Nyuma ya Aproni

Usiku ule sikulala. Nilikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, simu mbele yangu, mfuko wa barafu shavuni, nikingoja mtu aniambie polisi wamemfanya nini binti yangu. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yamebaki machinjioni. Pua ilikuwa imevimba, nahema kwa mdomo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mshona mapazia, alipanda na shuka begani akakaa nami.

"Shoga, kunywa basi hata chai."

"Na meno gani?"

"Tangu lini chai ikatafunwa?"

Nilicheka, mdomo ukapasuka upya, damu ikadondokea kitambaa cha meza. Akaifuta yeye, kisha akaenda dirishani kuangalia barabara, kama vile habari zingekuja kwa miguu.

Binti yangu alikuwa amempiga msimamizi wetu kwa chuma cha kunolea visu. Alimvunja bega mbele ya wafanyakazi wote. Na ombi lake la ukaazi wa kudumu lilikuwa uhamiaji, linangoja jibu. Masharti yake si mengi: mgeni afanye kazi miaka mitano bila kukatiza, na asipatikane na hatia yoyote mahakamani. Miaka mitano alikuwa ameshaimaliza. Lakini hukumu moja tu, hata ya kumzaba mtu kibao, faili linafungwa na mtu anapandishwa ndege. Mimi ukaazi ninao tangu zamani. Kwa hiyo wangemfukuza yeye peke yake, mimi nibaki na kitanda chake.

Tunamwita Radi. Jina hilo nililianzisha mimi, siku ambayo mvulana wa jirani, mkubwa kwake, alimkamata mdogo wa Radi akamzamisha kichwa kwenye pipa la maji akisema ni mchezo. Radi alikuwa hajaanza hata shule. Hakupiga kelele wala hakuita mtu. Alichukua kigoda akamshushia yule mvulana kisogoni, mpaka mvulana akashonwa nyuzi kama gunia. Nilimchapa Radi kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika mikononi mwangu. Hakulia. Alinitazama tu, akasema:

"Umemaliza? Basi mwangalie mdogo wangu, ana maji masikioni."

Ndivyo alivyo. Anapiga, halafu haelezi. Shuleni alimng'oa jino msichana aliyekuwa anawanyang'anya wadogo chakula, na mwalimu alipouliza sababu, alijibu kwamba sababu anazo mwenye jino. Baba yao alikuwa dereva wa lori, akafa barabarani, nami nikawaacha kwa bibi yao nikaja huku ugenini kuosha utumbo wa ng'ombe. Nilipopata uwezo wa kumwita, alikuwa ameshapita umri. Sheria ilisema huyu si mtoto tena, aje kwa kibali chake mwenyewe, na kibali kikafungwa kwenye machinjio hayohayo. Ukiacha kazi, kibali kinakufa siku hiyohiyo.

Machinjio yetu ni jengo refu lisilo na madirisha. Ng'ombe anaingia upande mmoja kwa miguu yake, anatokea upande wa pili ndani ya maboksi. Kati ya milango hiyo miwili kuna reli juu, ndoano zinatembea, na watu wamesimama kwenye meza za chuma, kila mmoja na kisu chake. Sakafu huwa na maji, mafuta na damu tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Radi alikuwa meza ya kutenganisha nyama na mifupa, kazi ya wanaume, na wanaume walimheshimu kwa sababu kisu chake hakikuwahi kugusa mfupa mahali pasipopasa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mfereji, kwenye mapipa ya utumbo. Nikiinua kichwa namwona.

Msimamizi tulimwita Filimbi, kwa kuwa alipiga mluzi kwa meno kabla ya kumpiga mtu. Alikuwa na buti zenye chuma puani. Hakumpiga kila mtu. Alikuwa anauliza kwanza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayekuulizia hali ya nyumbani:

"Karatasi zimetoka?"

Ukisema zimetoka, anakupita. Ukisema bado, basi siku hiyo ni yako. Nilimwona akimsukumia kijana mmoja kwenye ubavu wa ng'ombe unaoning'inia, ndoano ikamchana sikio. Nilimwona akishika mkono wa bwana mmoja, baba wa watoto watatu, akauingiza kwenye sanduku la maji ya moto tunalochovyea visu, akaubana humo huku akiimba. Ngozi ilitoka kama glavu. Yule bwana alipofika hospitali akasema ameteleza.

Sote tulisema hivyo. Mbavu zikivunjika, umeteleza. Jicho likivimba, umeteleza. Muuguzi mmoja alituuliza siku moja, "Hivi huko mlikotoka mlikuwa mnatembea kweli?" Tukacheka naye. Tungesema nini? Ukimshitaki, yeye ana mashahidi wanaotaka kubaki na kazi, na wewe unaandikwa mgomvi, na mgomvi hapewi ukaazi.

Mtindo wa mikono aliuanzisha Mzee Ngozi. Huyu ndiye anayepokea ngozi za ng'ombe na kuzitandaza kwenye chumvi, mtu mzima mwenye mgongo uliopinda, aliyengoja karatasi muda mrefu kuliko yeyote kati yetu. Alituambia hivi:

"Mkisikia mluzi, wekeni visu mezani, ingizeni mikono nyuma ya aproni, juu hapa kifuani. Mtu akiuliza nani aliinua mkono, ajibiwe hakuna."

Aproni zetu ni za mpira mzito, zinafika shingoni, na nyuma ya kipande cha kifuani mikono miwili inaingia vizuri, inabanwa. Basi mluzi ukilia, sote tunasimama bila mikono, kama bata waliofungwa sokoni, tukimtazama mmoja wetu akipigwa. Na aliyepewa ukaazi alikuwa na siku yake. Siku hiyo anaingia mikono nje, anaitupa mbele na nyuma, anampita Filimbi pua kwa pua, nasi tunagonga vyuma vya kunolea kwenye meza mpaka reli inatetemeka. Tuliiita kutoa mikono. Harusi gani inaishinda siku hiyo?

Mimi siku yangu ilikuja kabla Radi hajafika. Ningeweza kuondoka pale, nikapata kazi ya kufua mashuka hospitali, nimekaa kwenye joto na redio. Nilibaki kwa ajili ya mikono ya Radi. Kila mluzi ulipolia nilirudisha yangu nyuma ya aproni, ingawa hakuna aliyenidai, na nikasimama mahali ambapo lazima anione. Nilikuwa namwambia kwa mwili: tazama, hata mimi. Vumilia.

Naye alivumilia, lakini ilimgharimu. Nyumbani alilala ameilalia mikono yake. Ukutani bafuni kuna shimo la ngumi, nimelifunika kwa kalenda. Siku moja alirudi akakata kuku kwa ajili ya chakula cha jioni, akaendelea kukata baada ya kuku kwisha, ubao wa kukatia ukawa vipande viwili.

"Mama," akasema, "hivi nikishapata hizo karatasi, mikono hii bado itakuwa yangu?"

Nikamwambia aache maneno, avue viatu, aoge.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Kulikuwa na ng'ombe wachache. Mchana pipa langu moja likapinduka, utumbo ukamwagika mpaka kwenye mfereji, na mluzi ukalia. Nikaweka mikono nyuma ya aproni. Nikainua macho: Radi ameshaweka yake. Filimbi akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kifuani akaanza kucheka.

"Bibi, wewe si una karatasi? Mikono imeingia humo kutafuta nini?"

Nikamtazama Radi.

"Aaa. Unamfundisha mwanao." Akageuka akamtazama Radi ng'ambo ya mfereji. "Hebu tuone kama mwanafunzi ameiva."

Akanizunguka taratibu. Sikumwona tena, nilisikia buti tu kwenye maji. Kisha teke likanipata katikati ya mabega.

Mtu anayeanguka hutanguliza mikono. Yangu ilikuwa imebanwa. Nilikwenda chini kama gogo, uso ukapokelewa na chuma cha mfereji, zile nondo zinazozuia mifupa isizibe bomba. Nilisikia meno yangu kabla ya kusikia maumivu. Macho yakajaa damu. Juu yangu buti ikanyanyuka tena, ikanikanyaga kiunoni.

Halafu nikasikia chuma kikichukuliwa mezani. Sauti ile naijua, tunaisikia siku nzima. Miguu ikaruka mfereji. Pigo la kwanza lilitoa mlio wa ubavu wa ng'ombe unapopasuliwa kwa shoka, na Filimbi akalia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua anayo. Pigo la pili lilikuwa zito, halikutoa mlio mkali. Nikangoja la tatu. Mimi namjua mwanangu, nikasema moyoni, sasa anamwua.

La tatu halikuja. Nilijifuta jicho moja kwa bega. Filimbi alikuwa amelala kwenye utumbo wangu, mkono umegeukia pasipo pake, anatapika. Na Radi alikuwa amesharudi mezani kwake, chuma kimewekwa mahali pake sambamba na kisu, mikono yake iko nyuma ya aproni. Amesimama wima. Aproni ilikuwa ikimpanda na kumshuka kifuani.

Meneja akatoka mbio ofisini. "Nini hiki? Kumetokea nini hapa?"

Na mimi, kabla ya yeyote kufungua mdomo, nikiwa chini, jino limenikwama kwenye ulimi, nikapiga kelele:

"Nimeteleza! Nimeteleza mwenyewe!"

Sijui kwa nini. Ni kama ukigongwa goti mguu unaruka. Woga ndio uliosema. Radi akanitazama kwa muda mrefu, macho yaleyale ya siku ya mwiko, kisha akatazama sakafu.

Polisi walimchukua. Mimi wakanipeleka hospitali, wakanisafisha, na muuguzi alipouliza, nikasema tena. Nimeteleza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani usiku ule jikoni, mpaka simu ikalia. Alikuwa Mzee Ngozi.

"Mama Radi, wametuhoji wote. Ndiyo nimeachiwa sasa hivi."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ndani. Nilikaa benchi moja naye. Wamemwuliza kwa nini umempiga, wakarudia, wakarudia. Hasemi. Filimbi amesema alikuwa anapita zake akashambuliwa bila sababu."

"Na wewe umesemaje?"

Nilimsikia akihema.

"Nimesema kama ulivyosema, Mama Radi. Wote tumesema hivyo. Uliteleza."

"Na Radi amesikia?"

"Amesikia. Nikamnong'oneza, sema basi chochote, mtoto, utarudishwa. Akaniambia, mama ameshasema ameteleza. Mimi siwezi kumfanya mama yangu mwongo mbele ya watu."

Nikaweka simu chini. Jirani yangu akaniuliza habari. Nilitafuta viatu. Alikuja kunifunga kamba kwa sababu mgongo ulikataa kuinama.

"Utakwenda kuwaambia nini?"

"Kwamba nilidanganya."

"Shoga, wewe una ukaazi. Ukiwadanganya polisi halafu ukirudi kusema umedanganya, wanaweza kukugeukia na wewe. Umelifikiria hilo?"

"Kaza hiyo kamba," nikamwambia.

Kituoni palikuwa na benchi la chuma, saa iliyosimama, na mlango wa kijivu unaoelekea ndani. Askari wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, miwani imening'inia kwa uzi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza huku akipenga kamasi.

"Kwa meneja ulisema umeteleza."

"Ndiyo."

"Hospitali umeteleza."

"Ndiyo."

"Sasa mwanao yuko ndani, umepigwa teke."

"Ndiyo."

"Mama, hata mimi nina mtoto. Ningekuja na hadithi nzuri kuliko hiyo."

Nikaanza kufungua vifungo vya blauzi palepale mbele ya meza yake. Akaruka akanishika mkono, akanipeleka chumba cha pembeni chenye ndoo na mifagio. Nikamgeuzia mgongo. Kisha nikasikia kidole chake kikipita katikati ya mabega yangu, polepole, kikifuata duara la pua ya buti.

"Na hili la kiunoni?"

"Hilo la pili. Nilikuwa tayari chini."

"Geuka. Nipe mikono yako."

Nikampa. Akavaa miwani, akafungua viganja vyangu, akavitazama kama mtu anayechagua nyanya. Vilikuwa na mikunjo ya maji tu, kama siku zote.

"Umeanguka kwa uso mpaka ukang'oka meno, na viganja havina hata mkwaruzo. Mikono ilikuwa wapi?"

Nikachukua fulana yake ya kuakisi mwanga iliyokuwa imetundikwa mlangoni, nikaivaa, nikaingiza mikono ndani kifuani. Nikasimama namna tunavyosimama. Nikamweleza mluzi, na swali la karatasi, na mkono wa yule bwana kwenye maji ya moto. Akavua miwani.

"Binti yako tulimkuta amesimama hivyohivyo," akasema. "Vijana wangu walimwambia atoe mikono, hakutoa. Wakadhani ameficha kisu. Walimbwaga chini."

"Kwa uso?"

Akajifuta pua.

"Alimpiga mara mbili," akasema. "Pigo la kwanza naweza kulielewa. La pili, huyo bwana alikuwa anafanya nini?"

"Sikuona. Damu ilikuwa machoni."

"Na kama ungeona?"

"Ningekuambia sikuona."

Akakohoa, au akacheka, sijui. Akaniambia nifunge vifungo nikakae kwenye benchi, na kwamba maelezo yangu yataandikwa yote, uwongo na ukweli, na nitaitwa kuyajibu. Nikasema sawa. Akaingia kwenye mlango wa kijivu, ukajifunga nyuma yake.

Nilikaa. Kulikucha. Kupitia kioo cha mbele nilimwona Mzee Ngozi ng'ambo ya barabara, amevaa koti la kazi, mikono ndani ya mifuko. Alitazama kituo. Alishuka hatua moja kutoka ukingo wa barabara, gari likampigia honi, akarudi. Nilisimama ili anione. Akaniinamishia kichwa, kisha akashika njia ya machinjioni, zamu ilikuwa inaanza. Sikumlaumu. Nilijua anachongojea.

Nyuma ya mlango zilisikika sauti. Ya mwanaume, kubwa, ikisema bega limevunjika mahali pawili, hilo si jambo la mchezo. Ya yule mwenye mafua ikajibu, sikuyashika maneno. Kitu kikagongwa mezani. Nilishika ukingo wa benchi kwa viganja vyangu vizima nikaomba, na sikuomba vizuri, niliomba kwamba kama lazima mtu apandishwe ndege, wanipandishe mimi.

Kitasa kikageuka. Kikarudi. Mtu alikuwa amesahau kitu ndani. Nikasikia miguu inakwenda, inakuja.

Mlango ukafunguka.

Alitangulia yule askari. "Ni onyo," akasema. "Limeandikwa onyo, haliendi mahakamani. Uhamiaji wakituuliza, tutawajibu kwamba hana hukumu. Yule bwana akitoka hospitali nitakuwa na maswali naye, ya buti na ya maji ya moto. Na wewe mama, usisafiri."

Radi akatoka nyuma yake. Kidevu kilikuwa kimepasuka, jicho moja limefumba, midomo imekuwa kama ya kwangu. Aproni walikuwa wamemvua, wameiweka iwe ushahidi, na mikono yake ilipanda kifuani kuitafuta, ikakosa pa kuingia, ikashuka. Akasimama nayo ikining'inia. Akaniangalia usoni, kila mahali, kama anahesabu.

"Mama, umeteleza?"

"Hapana," nikasema.

"Haya." Akanishika kwapani kuninyanyua kwenye benchi. "Na hayo meno umeyaacha wapi? Isije ikawa yamepakiwa kwenye boksi, mtu akayala na supu."